Siku Chama Kilipokwenda Mlangoni kwa Zuhura

Wajukuu zangu mnaoanza kazi kwenye vyumba vya masikio na matamshi, habari zenu.

Wiki iliyopita nilikuja hospitali kwa ajili ya presha yangu, nikasema nipite kwenye chumba chetu cha zamani niwasalimie. Nikamkuta Anitha ameegemea kabati la betri, anamwambia mwenzake Baraka, "Mimi kwenye hicho chama sijiungi. Kitanipa nini?" Baraka akamjibu kwamba labda kitampa fulana ya maandamano. Wakacheka. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimekwenda kushusha presha, siyo kuipandisha. Ila nilipofika nyumbani nikaona niandike. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, pindeni nao hapo hapo, mtafika.

Anitha mama, hili siyo la kukusema. Ulinipisha kiti chako na heshima yako nimeiona. Tena swali lako hata mimi niliuliza, na niliuliza vibaya kuliko wewe.

Wengi mnaniita Mama Eliza. Pale hospitali yetu ya Singida nilianza na ndoo na fagio. Aliyenitoa kwenye fagio ni Bwana Kitundu, mtu wa Kiomboi, fundi wa usikivu, mrefu, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeficha peremende. Alikuwa Mnyiramba na wagonjwa wake wengi walikuwa wazee wa Kinyaturu. Akawa ananiita nimtafsirie, mara leo, mara kesho, mpaka siku moja akamwambia msimamizi wa usafi, Bi Rukia, "Huyu sikurudishii." Bi Rukia akadai fagio lake, akarudishiwa fagio.

Bwana Kitundu alinifundisha kupima umbo la sikio kwa ajili ya shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Siku hizi mna mashine nzuri, lakini kazi ya mkono bado mnaifanya, kwa hiyo sikilizeni. Kwanza tia kipande cha sponji chenye uzi ndani ya sikio, dawa isizame. Halafu koroga zile dawa za rangi mbili mpaka zifanane, jaza kwa bomba, subiri igande. Wakati wa kusubiri mgonjwa asitafune, asiongee, na zaidi ya yote asicheke. Hapo ndipo nilipokosea mimi, maana siwezi kukaa na mtu kimya. Nilimsimulia Mzee Njiku habari ya mbuzi wa jirani yangu, akacheka taya zote, dawa ikaganda huku imetanuka. Kifaa kiliporudi kutoka kutengenezwa kikawa kinalegea sikioni na kupiga mluzi. Jumapili padri alisimamisha mahubiri akaomba vijana wamtoe ndege aliyeingia kanisani. Vijana wakatafuta ndege, Mzee Njiku naye akawasaidia kutafuta.

Bwana Kitundu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Eliza, mbuzi huyo atamaliziwa hadithi baada ya dawa kuganda."

Jambo jingine alilonifundisha ni kutolazimisha watu wafuate mashine. Bibi Nyamkali alivalishwa zile spika za masikioni, akaambiwa akisikia mlio abonyeze kitufe. Yeye kila mlio ukilia anaitikia, "Marahaba." Kwake kitu kikikusalimia sikioni unakiitikia, unabonyeza nini? Nikataka kumkatiza. Bwana Kitundu akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Mwache. Kila marahaba ni alama." Akapima masikio yote mawili kwa marahaba, na vipimo vikatoka safi.

Nimewaeleza haya mjue tulikuwa watu wa namna gani, tusije tukaonekana tulizaliwa na mikutano. Sasa niwaeleze habari ya Zuhura.

Zuhura alikuja kwetu akitokea Tanga, msichana wa watu, mpole, amesomea kufundisha watu kuongea: watoto waliochelewa kusema, wenye kigugumizi, na wazee ambao kiharusi kimewachukulia maneno. Pale kwetu alikuwa peke yake kwa kazi hiyo. Masikio tulikuwa tumeyazoea, mtu anaona unachokonoa, unatoa nta, anakushukuru. Lakini kazi ya Zuhura ilikuwa haionekani kama kazi. Anakaa kwenye mkeka na mtoto, wanapuliza povu la sabuni, wanaigiza ng'ombe, wanapitishiana mpira. Mama mmoja wa Kintinku, aliitwa Mama Yohana, alisimama mlangoni akamwambia, "Dada, nimepanda basi toka kwetu nije nione mtoto anapuliza povu? Povu hata nyumbani lipo." Wengine walimtaka amkate mtoto uzi wa chini ya ulimi, wakimaliza warudi shambani. Zuhura alikuwa anawaeleza vizuri, mara mbili mara tatu, halafu wakiondoka anafunga mlango na kukaa mle ndani bila sauti.

Mgonjwa wake mkubwa alikuwa Mzee Mughwai wa Ikungi. Watu wa umri wangu wanamjua Mughwai. Alikuwa mnadi wa ng'ombe mnadani, sauti yake ilikuwa inafika mpaka kwa wauza nyama choma kabla hujamwona mwenyewe. Kiharusi kikamwachia neno moja, "basi". Akitaka maji, basi. Akikataa chakula, basi. Akisalimiwa, basi. Na mkewe, Mama Mughwai, mwanamke mwema lakini mdomo wake hauna breki, akawa anamjibia kila kitu. Alikuwa karibu amjibie hata kukohoa.

Zuhura alianza naye kwa vitu vya mezani, kijiko, kikombe. Mama Mughwai akanijia pembeni amekasirika. "Mama Eliza, mume wangu alikuwa anauza ng'ombe wa watu wazima. Leo anaulizwa kijiko?" Nikampelekea Zuhura maneno yale, nikayapunguza ukali njiani. Zuhura akafikiri. Siku iliyofuata hakutoa kijiko. Alimwambia mzee, "Baba, mimi ng'ombe sijui kuwauza. Nifundishe." Mzee akavuta kiti karibu na meza. Tangu hapo wakawa wanafanya mnada mle chumbani, ng'ombe wa udongo mezani, mzee anatafuta neno jasho linamtoka. Lilikuja "nani". Baada ya wiki nyingi likaja "anaongeza". Mama Mughwai alikaa nje kwenye benchi anasuka ukili, anasema mume wake amerudishwa utotoni.

Mchana mmoja nimempelekea Zuhura chai, akaniambia, "Mama Eliza, nimeomba uhamisho, nirudi Tanga."

Nikaweka kikombe chini. "Nani amekuudhi?"

"Hakuna aliyeniudhi. Kule wako wenzangu, nikikwama tunaulizana. Hapa nikikosea hakuna hata wa kuniambia nimekosea. Nikipatia, hakuna anayejua."

"Na Mzee Mughwai?"

Akageukia ukutani. "Ndiyo maana sijamwambia."

Nilitoka pale. Nilijua yule mzee ana maneno mawili matatu mkononi, na mwenye kumpa mengine anafunga mizigo. Nikamfuata Bwana Kitundu, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia kustaafu. Akasema, "Mimi ni mtu wa masikio, mambo ya matamshi siwezi kumsaidia. Lakini Chama kinaweza."

Nikamwuliza chama gani, maana vyama ninavyovijua mimi ni viwili, cha siasa na cha kufa na kuzikana. Akanieleza kwamba wataalamu wa kupima masikio na wa kufundisha kuongea wana chama chao, na sisi wasaidizi tunaruhusiwa kuingia kama wanachama washiriki. Zuhura ni mwanachama kwa jina tu, mikutanoni haonekani. Kanda yetu itakutana Dodoma. Akaniambia nijiunge twende wote.

Nikamwuliza, "Nikifiwa wananiletea nini?"

Bwana Kitundu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Eliza, siyo chama cha namna hiyo."

Sikumwelewa. Mtu unajiunga na watu, wasikuzike, mmejiungia nini? Ndiyo nawaambia niliuliza vibaya kuliko Anitha. Ila nilikwenda, kwa sababu ya Zuhura. Yeye nilimbembeleza aje akakataa, akasema atakwenda kufanya nini wakati anaondoka.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kikundi chetu cha kina mama mtaani. Nikabeba dumu la mafuta ya alizeti kwa ajili ya mwenyeji, na sahani yangu ya bati na kijiko kwenye mfuko, maana kwetu kwenye watu wengi ukitegemea vyombo vya mwenyeji utakula saa kumi. Kumbe mkutano wenyewe ni ukumbi wa hoteli, vijana wamevaa mashati meupe wanapanga sahani nyingi kama harusi. Mimi nimeshatoa yangu ya bati, kuirudisha mfukoni naona aibu zaidi, nikaenda nayo kwenye foleni. Nyuma yangu alisimama Bwana Masanja wa Tabora, fundi wa kutengeneza shimesikio, mnene, mcheshi. Akaninong'oneza, "Mama, hizi zao zina tatizo gani? Niambie mapema na mimi nizikimbie." Tukacheka, tukakaa meza moja. Akaniambia yeye kule kwake yuko peke yake, kifaa kikimshinda anakilaza kwenye droo akiombee. Nikamwambia na sisi tunaye mmoja aliye peke yake, ila yeye amechoka kuomba.

Mwenyekiti wa kanda alikuwa Dokta Agripina, mama wa makamo, mkavu wa uso, amesomea kazi ile ile ya Zuhura. Alipofika kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Bwana Kitundu alinivuta gauni, lakini nilikuwa nimeshasimama.

Nikasema, "Mwenyekiti, mimi ni mgeni. Zuhura wetu wa Singida leo hajaja, na nimeambiwa mkutano uliopita pia hakuja. Mwanachama asipoonekana, nani huwa anakwenda nyumbani kwake kumwangalia?"

Katibu akasema huwa wanatuma ujumbe wa simu kukumbusha. Mtu mmoja akacheka, halafu akaacha.

Dokta Agripina akaniuliza, "Kwenu mnafanyaje, mama?"

"Kwetu tunakwenda, na kitu mkononi. Na hatumwambii. Tukimwambia atafagia uwanja, ajifanye mzima."

Aliandika kitu, akafunga kalamu. "Haya, na sisi tutakwenda. Mama, wewe tupangie."

Sasa wajukuu, sehemu inayofuata msije mkaniiga.

Nilipanga Jumamosi. Nilijua siku hiyo asubuhi Zuhura anakwenda sokoni na kufua kwa rafiki yake mwenye maji mengi, anarudi nyumbani kwake Utemini alasiri. Niliwaambia wote waje na kitu cha nyumbani. Bwana Masanja alipanda treni, akashuka Itigi, akanunua asali, akaja na gari la abiria. Na kwa kuwa niliwaambia kitu cha nyumbani, njiani aliongeza gunia la mkaa. Dokta Agripina alitoka Dodoma na unga na sukari. Bwana Kitundu alibeba mikeka miwili kwa sababu nyumba itakuwa imefungwa na hatuwezi kusimama juani. Mzee Mughwai na mkewe niliwaalika mimi mwenyewe kutoka Ikungi, nilitaka Dokta amwone mzee. Walikuja na jogoo.

Tukatandika mikeka mlangoni, tukakaa. Sasa tazameni tulivyokuwa. Dokta Agripina amevaa suti nyeusi, basi limemuumiza kichwa, ameshika tama. Mzee Mughwai haongei. Bwana Kitundu ameinamisha kichwa, anasinzia. Unga pale, mkaa pale, sukari pale. Mimi nimejifunga khanga kiunoni kwa sababu ya upepo.

Jirani wa kwanza kutokea alikuwa Mama Shabani, nyumba ya mkono wa kulia. Alituangalia juu ya ua, akaingia ndani, akatoka na khanga begani. Akaja, akapeana mikono na kila mtu kimya kimya, akakaa. Nikafurahi moyoni. Akaja mwingine na beseni la unga. Akaja mwingine na maharage. Wanaume wawili wakaleta benchi, wakarudi wakaleta jingine. Kijana mmoja akaanza kupanga mafiga pembeni. Nikamwinamia Dokta Agripina, nikamwambia kwa maringo, "Unawaona majirani wa Singida? Mgeni akija hawamwachi mwenyeji peke yake."

Dokta akasema, "Nimeona. Mbona hawaongei?"

"Wana adabu."

Na ni adabu kweli. Nyie mliokulia kwetu mnajua: mtu akifika mahali pa namna ile hauliziulizi. Anakaa kwanza. Wenyewe watasema kwa wakati wao. Kwa hiyo kila aliyekuja alikaa bila kuuliza, na sisi kwa kuwa hatukuulizwa hatukusema. Wakaja watu wa nyumba ya saba, ya nane. Likaja turubai.

Aliyefumbua mambo ni yule kijana wa mafiga, jina lake Iddi. Alifuta mikono, akamchutamia Bwana Kitundu kwa kuwa ndiye mwanaume mzee aliyeonekana ana neno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Samahani, mzee. Wenzangu wananituma. Tunazika hapa au tunasafirisha?"

Bwana Kitundu aliamka usingizini. "Tunasafirisha nini?"

"Mwili, mzee."

Bwana Kitundu akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakafika kwangu. "Mama Eliza. Umewaambia nini watu hawa?"

Hapo hapo bodaboda ikasimama barabarani. Zuhura ameshuka na beseni la nguo. Akaona turubai, akaona mabenchi, akaona mlango wake umezungukwa na watu na mimi katikati nimejifunga khanga. Beseni likaanguka. Akasema neno moja tu, "Mama," na sote tukajua anamsema mama yake aliyeko Tanga.

Sijawahi kukimbia vile tangu ujana. Nilimshika mabega, nikamwambia, "Hakuna aliyekufa. Nisikilize mdomoni, hakuna aliyekufa. Mama yako mzima. Tumekuja kukutembelea." Alikuwa ananiangalia kama mgonjwa wetu ambaye bado hajavaa kifaa, anaona midomo tu. Akakaa chini kwenye nguo zake mbichi, akalia. Akatoa simu, akampigia mama yake, mama akapokea na kumwuliza mbona unalia, yeye akashindwa kueleza, akaanza kucheka na machozi yake hayajakauka. Nilitaka ardhi inimeze. Kumpenda mtu kwa kumtia hofu ya namna ile siyo kumtembelea, ni kumvamia, nami nilimwambia hivyo na kumwomba radhi pale pale mbele ya watu.

Kwa majirani nako kukawa na lao. Mama Shabani alisimama mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi nimekaa hapa tangu saa nane nimeshika shavu, ninamlilia nani?"

Bwana Masanja akamjibu, "Mlilie huyu jogoo, mama, ndiye hali yake siyo nzuri."

Hapo kicheko kikapasuka mpaka turubai likatikisika. Moto ulikuwa umeshawaka, sufuria iko juu, tukasema tupike tu. Na ndipo watu wakaanza kumwuliza Zuhura maneno ambayo walikuwa nayo siku zote. Mama Shabani akamwambia, "Dada, mimi nilidhani wewe uko benki. Unapita na begi lako, unasalimia kidogo, unafunga mlango." Zuhura akasema, "Mimi nilidhani hamnipendi." "Tukupende saa ngapi, na wewe umejifungia?" Wakaelezwa Zuhura anafanya kazi gani. Watu wakawa kama Mama Yohana wa Kintinku: kufundisha mtu kuongea, kwani kuongea kunafundishwa?

Tukala. Tulipomaliza likabaki tatizo. Vitu vilivyoletwa vilikuwa vingi, unga, maharage, na jogoo ambaye tulimwacha kwa sababu nyama haikuhitajika tena. Kila mtu aliambiwa achukue chake arudi nacho, hakuna aliyekubali. Kitu kilichopelekwa kwa nia ya msiba kwetu hakirudishwi nyumbani, hata kama msiba haukuwapo. Unarudi nacho ukiwa umemtakia nani? Iddi akasema tupige mnada, kama wafanyavyo kanisani kwa mazao ya sadaka, anayenunua atakuwa amenunua, siyo amerudisha.

Mnada. Neno lile lilipotajwa nilimwona Mzee Mughwai ameinua kichwa.

Alisimama. Mkewe akamvuta, "Kaa chini, baba Neema, utaanguka." Hakukaa. Alikwenda na ule mguu wake wa kuburuza mpaka kwa jogoo, akamkamata miguu kwa mkono mzima, akamwinua juu. Wengi walimjua alikuwa nani.

"Jo," akasema. Akakwama.

Mama Mughwai akafungua mdomo amalizie. Zuhura, aliyekuwa amekaa chini na macho yamevimba, akanyoosha mkono hewani, kiganja wazi, kumzuia. Hakusema neno. Mkono tu. Mama Mughwai akafunga mdomo, na nawaambia sijui kama amewahi kuufunga hivyo tena. Umati mzima ukatazama ule mkono na kungoja. Watu wa Singida, tunavyopenda kusaidia mtu maneno, tukangoja.

"Jogoo," akasema mzee. "Jogoo... huyu."

Mkono wa Zuhura bado uko juu.

"A... anawika." Jasho lilikuwa linamtiririka. Akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta mnadani, kifua kikajaa, na ikatoka sauti ambayo siyo ile ya zamani, imepasuka, lakini ni yake: "Nani... anaongeza?"

Sitaweza kuwaandikia kelele iliyotoka pale. Bwana Masanja aliongeza, Mama Shabani akaongeza, Iddi akaongeza bila kitu mfukoni. Mzee aliuza jogoo, akauza unga, akauza maharage, kila kitu kwa maneno yake machache yale yale, na hakuna aliyemharakisha. Kilichopatikana kikawekwa kiwe nauli ya kutembeleana. Mama Mughwai alikwenda akakaa karibu na Zuhura, bega kwa bega, akachukua nguo zake zilizochafuka vumbi akaanza kuzikung'uta. Hakusema tena habari ya kijiko.

Jioni ile Dokta Agripina alimwita Zuhura kwenye mkeka. Niliwasikia maana nilikuwa naosha vyombo karibu, na masikio yangu ni mazima. Akamwuliza amefanyaje mpaka mzee amefika pale. Zuhura akaeleza ng'ombe wa udongo na mnada wa chumbani. Dokta akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umefanya vizuri kuanzia kwenye kazi yake. Ila kuna mahali umekosea. Mkewe ulimwacha nje kwenye benchi. Yule ndiye anayekaa naye siku nzima. Angekuwa ndani, angejifunza kungoja mapema."

Nikaacha kusugua sufuria, nikidhani msichana ataumia tena siku moja mara mbili. Yeye akasogea karibu zaidi, akasema, "Dokta, na watoto wa kigugumizi, wale nao nawaanzaje?" Wakaendelea mpaka Bwana Kitundu akauliza kama mkeka wake anaweza kuupata.

Sasa Anitha, uliuliza Chama kitakupa nini. Fulana mimi sijapewa. Mikutano mingine inachosha, hotuba ndefu, na yule katibu bado anatuma ujumbe wa simu. Mimi nilijiunga nikitafuta watu wa kunizika na nikapata watu wa kunipigia simu kuniuliza ukikoroga dawa ya sikio wakati wa baridi unangoja muda gani. Bwana Masanja hadi leo ananipigia. Utakutana na mgonjwa atakayekushinda, mama. Siyo labda, utakutana naye. Siku hiyo utataka mtu wa kukuambia umekosea wapi, na mtu huyo humtafuti siku hiyo hiyo.

Jumatatu ile iliyofuata baada ya mnada Zuhura alikuja mapema, akanikuta nahesabu betri. Akanisalimia, akakaa, akazungukazunguka kwa maneno. Mimi nikaogopa kuuliza. Mwisho akasema, "Mama Eliza, hapa mjini fundi gani anatengeneza vitanda vya mbao vizuri?"

Nikamwangalia. "Kwani miaka yote hii unalalia nini?"

"Godoro, chini. Sikutaka mzigo mzito wa kuhama nao."

"Na uhamisho?"

"Nimewaandikia kwamba sitaki tena."

Nilirudi kwenye betri zangu, nikazihesabu upya, maana zilikuwa zimenipotea zote. Nikamwambia aende kwa Hamisi Mkoma, amtajie jina langu, na asikubali mbao mbichi. Nikamwuliza anataka cha ukubwa gani, nne kwa sita au tano kwa sita.

"Sita kwa sita," akasema.

"Peke yako?"

"Mama Eliza, kwa watu hawa wanaokuja bila taarifa, nitawalaza wapi?"